Toronto: Uwanja wa ndege wa kisiwani na kura ya meya

Abiria anayetua katika uwanja wa ndege wa Billy Bishop huliona jiji la Toronto kabla magurudumu hayajagusa ardhi. Upande mmoja ni maji ya Ziwa Ontario, upande wa pili ni ukuta wa maghorofa ya kioo na mnara wa CN. Kutoka ukumbi wa abiria hadi kitovu cha biashara ni mwendo wa kilomita tatu hivi, na kinachoutenga uwanja huo na nchi kavu ni mlango wa maji wenye upana wa mita 121 tu. Kivuko huumaliza kwa muda usiofika dakika mbili.

Mita hizo 121 zimezua ugomvi wa kisiasa uliodumu kwa vizazi. Kwa ajili yake mkandarasi amelipwa fidia kwa daraja ambalo halikujengwa, na mwanasiasa aliyeanza kampeni akiwa nyuma ya wenzake amefika katika kiti cha umeya. Hata baada ya hayo yote, swali halijafungwa: je, uwanja wa ndege ulioko katikati ya jiji ni neema kwa wakazi wake, au ni mgeni aliyekaa muda mrefu kupita kiasi?

Kwa wasikilizaji wanaoishi Marekani na kuitazama Kanada kama jirani wa kaskazini, kisa hiki kinaonyesha jinsi madaraka yanavyogawanywa katika nchi hiyo. Wengi hudhani kwamba meya wa jiji kubwa ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kila kilichomo mipakani mwake. Uwanja wa kisiwani unaonyesha kwamba sivyo. Unaonyesha pia kwamba asiye na neno la mwisho anaweza bado kuwa na neno la kuzuia.

Chimbuko la uwanja

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1939, katika ncha ya magharibi ya Visiwa vya Toronto. Wakati huohuo, uwanja wa pili ulikuwa ukijengwa Malton, nje ya mji, na huo ndio uliokuja kuwa uwanja mkuu wa kimataifa unaoitwa Pearson. Wakuu wa wakati ule waliuona ule wa Malton kuwa wa akiba, na ule wa kisiwani kuwa ndio hasa wa jiji. Historia ikawageuzia hesabu: wa nje ukakua mpaka ukawa mkubwa kuliko wote nchini, na wa kisiwani ukabaki mdogo.

Suala la namna ya kuufikia lilizuka hata kabla haujafunguliwa. Mwaka 1935 serikali ya Waziri Mkuu R. B. Bennett ilianza kuchimba njia ya chini ya maji. Uchaguzi ukafanyika mwaka huohuo, Bennett akashindwa, na serikali mpya ya William Lyon Mackenzie King ikausimamisha mradi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kura kuamua namna watu watakavyovuka mita zile 121. Haikuwa ya mwisho.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Norway ambao nchi yao ilikuwa imetekwa na Ujerumani walipata mafunzo hapo, na bustani iliyo karibu na kivuko inaitwa hadi leo Little Norway. Baada ya vita uwanja ukatumiwa zaidi na ndege ndogo za binafsi na shule za urubani. Ndipo miaka ya sabini na themanini, Kanada ilipoanza kutengeneza ndege za pangaboi zinazoweza kuruka na kutua katika njia fupi, wafanyabiashara wakaanza kuutazama uwanja huo kwa jicho jipya.

Mkataba wa pande tatu

Hapa ndipo penye ufunguo wa habari yote. Nchini Kanada mambo ya anga ni ya serikali kuu iliyoko Ottawa. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikwisha kulithibitisha hilo mwaka 1952. Jiji haliwezi kutunga sheria ndogo ya kupiga marufuku ndege, kama vile halmashauri isivyoweza kuamua nani apewe leseni ya urubani. Kwa sheria hiyo pekee, meya wa Toronto hana kauli juu ya kinachoruka juu ya kichwa chake.

Lakini sehemu ya ardhi ya uwanja ni mali ya jiji. Sehemu kubwa ni ya mamlaka ya bandari, kipande kidogo ni cha serikali kuu, na kilichobaki ni cha jiji. Kipande cha jiji si kikubwa, ila uwanja hauwezi kufanya kazi bila hicho. Kwa hiyo tarehe 30 Juni 1983, pande tatu ziliketi na kutia saini mkataba wa miaka 50: jiji, wakuu wa bandari na serikali kuu.

Mkataba huo uliruhusu uwanja uendelee, ila kwa masharti makali. Ndege za injini za jeti zilipigwa marufuku, isipokuwa zile zinazobeba wagonjwa. Njia ya kurukia isirefushwe. Lisijengwe daraja wala njia ya chini ya maji kwa magari. Kelele zisivuke kiwango kilichopimwa na kuandikwa. Na sharti lolote lisibadilishwe mpaka pande zote tatu zikubali.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililoufanya umeya wa Toronto kuwa na uzito katika jambo lisilo la meya. Jiji halina mamlaka juu ya anga, lakini lina saini. Asipokubali mmoja, wawili waliobaki hawawezi kusonga. Ndiyo maana mtu yeyote anayetaka kuupanua uwanja huo, au kuuzuia usipanuke, hana budi kuwatazama madiwani na meya, na ndiyo maana mjadala huu huvuma hasa wakati wa kampeni.

Daraja la mwaka 2003

Mwishoni mwa miaka ya tisini, safari za abiria katika uwanja huo zilikuwa zimepungua sana. Mwaka 1999 ikaundwa mamlaka mpya ya bandari chini ya sheria ya serikali kuu, nayo ikatafuta njia ya kuufufua. Jibu lililopendekezwa lilikuwa daraja. Mfanyabiashara Robert Deluce alikuwa tayari kuanzisha shirika jipya la ndege, na hoja yake ilieleweka kwa urahisi: abiria wa biashara hatapenda kusubiri kivuko.

Novemba 2002, chini ya Meya Mel Lastman, baraza la jiji liliidhinisha daraja. Serikali kuu nayo iliunga mkono. Mikataba ya ujenzi ikatiwa saini. Kwa kila dalili, jambo lilikuwa limekwisha.

Lakini Lastman alitangaza kwamba hagombei tena, na kiti kikawa wazi. Miongoni mwa waliojitokeza walikuwamo Barbara Hall, aliyewahi kuwa meya wa Toronto ya zamani kabla ya miji kuunganishwa. John Tory, mtu wa biashara mwenye mizizi katika chama cha Conservative. Na David Miller, mwanasheria na diwani wa upande wa magharibi. Hall alianza akiongoza kwa mbali. Miller alikuwa nyuma sana.

Miller alichagua alama mbili. Ya kwanza ilikuwa ufagio, kwa kuwa jiji lilikuwa limetoka katika kashfa ya ukodishaji wa kompyuta na watu walitaka ofisi za umma zifagiliwe. Ya pili ilikuwa daraja. Aliahidi kulizuia. Wapinzani wake walisema kwamba anapigania jambo lililokwisha kuamuliwa, na kwamba kuvunja mkataba kutaligharimu jiji. Tory alikuwa upande wa daraja.

Kwa mtazamaji wa mbali, daraja la mita 121 lingeonekana jambo dogo katika jiji la zaidi ya watu milioni mbili lenye shida za nyumba, usafiri na taka. Hata hivyo lilikuwa na sifa ambayo masuala makubwa hayana: lilionekana kwa macho. Mpiga kura hakuhitaji kusoma bajeti ili alielewe. Lilimuuliza swali moja, kwamba ufukwe wa ziwa ni wa nani: ni wa wanaopita kwa haraka kwenda mikutanoni Ottawa na New York, au ni wa wanaokaa, wanaotembea na wanaocheza hapo?

Tarehe 10 Novemba 2003, Miller alishinda kwa asilimia 43 ya kura, Tory akapata asilimia 38, na Hall akaanguka hadi chini ya asilimia 10. Mwezi uliofuata baraza jipya lilipiga kura ya kuondoa idhini ya jiji. Serikali kuu, ambayo nayo ilikuwa imepata waziri mkuu mpya, Paul Martin, ilikubali matakwa hayo. Mwaka 2005 ikatangaza kulipa dola milioni 35 za Kanada ili kumaliza madai yaliyotokana na kufutwa kwa mradi. Bila daraja kujengwa, walipa kodi wa nchi nzima walibeba bili yake.

Ushindi usiozuia ndege

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa ya kura iliyoshinda biashara. Lakini daraja lilikuwa njia tu ya kufikia lengo, na lengo halikufa. Oktoba 2006, wiki chache kabla Miller hajachaguliwa kwa kipindi cha pili, shirika la Deluce lililoitwa Porter lilianza safari zake kwenda Ottawa. Abiria walipanda kivuko. Waliokuwa wakisema kwamba hakuna atakayekubali kivuko walikosea, na waliokuwa wakitumaini kwamba kukosekana kwa daraja kungeunyonga uwanja walikosea pia.

Ndege zilizotumika zilikuwa za aina ya Q400, za pangaboi mbili na viti takriban 70, zilizoundwa Toronto kwenyewe katika kiwanda cha Downsview. Hizi si ngeni Afrika Mashariki: Air Tanzania, Jambojet ya Kenya na RwandAir zimezitumia ndege za aina hiyohiyo katika safari zao za ndani na za ukanda. Mkataba wa 1983 ulikataza jeti, haukukataza pangaboi, na hapo ndipo Porter ilipopenya bila kuvunja sharti hata moja.

Safari zikaongezeka. Idadi ya ndege za abiria zinazoruhusiwa kuruka na kutua kwa siku ikawekewa kikomo cha 202. Kabla ya janga la virusi vya korona, abiria walikuwa wamefika takriban milioni 2.8 kwa mwaka. Mwaka 2011 baraza, wakati huo likiongozwa na Meya Rob Ford, likaruhusu njia ya chini ya maji kwa waendao kwa miguu. Ikafunguliwa tarehe 30 Julai 2015, kwa gharama ya dola milioni 82.5 zilizorudishwa kupitia ada za abiria. Miaka 80 baada ya mradi wa Bennett kusimamishwa, watu wakavuka chini ya ziwa.

Jeti na uchaguzi wa 2014

Aprili 2013 Porter ilitoa ombi kubwa zaidi. Ilitaka kununua ndege mpya za jeti za CSeries zilizokuwa zikibuniwa na kampuni ya Bombardier ya Kanada, na ili zitue, njia ya kurukia yenye urefu wa mita 1,216 hivi ilibidi irefushwe kuingia ziwani kwa pande zote mbili. Masharti mawili ya mkataba yangepaswa kuondolewa kwa pamoja: marufuku ya jeti na marufuku ya kurefusha njia.

Ndege hizo baadaye ziliingia mikononi mwa Airbus na kupewa jina la A220, na Air Tanzania ikawa shirika la kwanza barani Afrika kuzipokea, Desemba 2018. Ni ndege zenye sifa ya utulivu ukizilinganisha na jeti za zamani, na hiyo ndiyo iliyokuwa hoja kuu ya waombaji. Walisema kwamba marufuku ya 1983 ilitungwa kwa ajili ya jeti zenye kelele za wakati ule, na kwamba teknolojia imeipita sheria.

Wapinzani walijibu kwamba kelele ni sehemu moja tu. Njia ndefu zaidi huhitaji eneo pana zaidi angani lisilo na kikwazo, na hilo lingeweza kupunguza urefu wa majengo katika ardhi ya zamani ya bandari ambako jiji linapanga makazi mapya. Walitaja pia mashua za tanga na za makasia zinazotumia maji hayo, ndege wa porini, mafuta ya ndege yanayosafirishwa kwa barabara kupita mitaa ya watu, na msongamano wa teksi mbele ya shule ya msingi iliyo jirani na kivuko.

Jambo hilo liliangukia tena katika mwaka wa uchaguzi. Olivia Chow, aliyekuwa mbunge na kabla ya hapo diwani, aligombea umeya akipinga jeti waziwazi. Rob Ford, na kisha kaka yake Doug aliyechukua nafasi yake alipougua, walikuwa upande wa upanuzi. Safari hii suala la uwanja halikuamua mshindi kama lilivyofanya mwaka 2003. Tory alishinda, Doug Ford akawa wa pili, Chow wa tatu.

Hata hivyo jeti hazikuja. Oktoba 2015 uchaguzi wa nchi ulileta serikali ya Justin Trudeau, na mwezi uliofuata Waziri wa Uchukuzi Marc Garneau alitangaza kwamba serikali kuu haitaufungua mkataba. Saini moja ilikosekana, mara hii si ya jiji bali ya Ottawa, na ombi likaisha. Porter ilikuja kununua jeti za kampuni nyingine, Embraer ya Brazil, na tangu Februari 2023 inazirusha kutoka Pearson.

Hoja za pande mbili

Wanaoutetea uwanja huanza na muda. Mtu aliye ofisini katikati ya Toronto anaweza kufika langoni mwa ndege kwa miguu na basi la bure. Kwenda Pearson ni safari ya takriban kilomita 25, na barabara hujaa. Wanataja ajira, wanataja watalii wanaofika moja kwa moja katika mahoteli, na wanataja ndege za wagonjwa. Hii ya mwisho ina uzito wa pekee: hospitali kubwa za rufaa za Ontario ziko katikati ya jiji, na mgonjwa anayeletwa kutoka kaskazini ya mbali, au kiungo kinachopelekwa kwa anayesubiri kupandikizwa, hutua dakika chache tu kutoka chumba cha upasuaji.

Wanaoupinga hujibu kwamba tangu Juni 2015 kuna treni ya moja kwa moja inayofika Pearson kwa dakika 25, hivyo hoja ya muda imepungua nguvu. Kuhusu wagonjwa, husema kwamba helikopta na ndege chache za tiba hazihitaji kituo cha mamilioni ya abiria. Lakini jibu hilo lina upungufu wake. Kiwanja kinachotumiwa na ndege za wagonjwa pekee hakijiendeshi kwa mapato yake, na anayetaka kibaki kwa kazi hiyo tu lazima aseme nani atalipia taa, wazimamoto na waongozaji wa ndege.

Kiini cha ubishi kiko katika mgawanyo wa faida na kero. Faida huenea kwa watu wengi, kidogo kidogo, na wengi wao hawaishi karibu. Kero humwangukia mtu mmoja kila siku. Katika mtaa wa Bathurst Quay, ng'ambo ya mlango wa maji, kuna nyumba za ushirika zilizojengwa ili watu wa kipato cha kawaida waweze kuishi ufukweni. Ndege za kwanza huruhusiwa kuanzia saa 12:45 asubuhi, na za mwisho ni saa 5:00 usiku. Mkazi wa hapo hafaidiki na safari ya haraka kwenda Boston kama hana safari ya Boston.

Wengi wa wasikilizaji wetu hawahitaji kuelezwa maana ya kuishi kando ya njia ya kurukia ndege. Waliotoka Goma wanaukumbuka mwezi Aprili 2008, ndege ya abiria iliposhindwa kupaa na kuvamia mtaa wa Birere, uliojaa maduka na watu. Toronto haijapatwa na msiba wa namna hiyo, na hali za viwanja hivyo viwili hazilingani. Ila swali la nafasi iliyobaki baada ya lami kwisha ni lilelile kila mahali, na ndilo lililoufufua mjadala wa Toronto mara ya mwisho.

Majiji mengine yaliamuaje?

Toronto si peke yake. Huko Chicago, Meya Richard M. Daley alitaka uwanja mdogo wa Meigs Field, uliokuwa ufukweni mwa Ziwa Michigan, ugeuzwe bustani. Usiku wa tarehe 30 Machi 2003, wiki chache baada ya kuchaguliwa tena, matingatinga yaliingia na kuchimba alama kubwa za X katikati ya njia ya kurukia. Kulipokucha, hapakuwa na kiwanja tena, na ndege zilizokuwa zimeegeshwa zikakwama. Mamlaka ya anga ya Marekani ililitoza jiji faini ya dola 33,000. Leo mahali hapo ni bustani, na wengi huipenda, lakini namna ilivyopatikana bado hutajwa kama mfano wa kiongozi aliyeamua jambo la watu wote gizani.

Edmonton, magharibi mwa Kanada, ilipita njia nyingine. Huko ardhi ya uwanja wa katikati ya mji ilikuwa ya jiji, na mwaka 2009 baraza liliamua kuufunga kwa hatua. Waliopinga walikusanya saini nyingi wakitaka kura ya maoni, lakini ombi lao halikukidhi masharti ya sheria. Wakahamishia vita vyao katika uchaguzi wa meya wa Oktoba 2010: David Dorward akawa mgombea wa waliotaka uwanja ubaki, Meya Stephen Mandel akaitetea nia ya kuufunga. Hofu kubwa ilikuwa ya wagonjwa wa kaskazini, ambao wangelazimika kutua mbali zaidi na hospitali. Mandel alishinda. Uwanja ukafungwa rasmi Novemba 2013, na mahali pake pamepangwa mtaa mpya wa Blatchford, uliokusudiwa kuwa na wakazi hadi 30,000.

Miji hiyo mitatu ilipata majibu matatu. Chicago iliamua kwa usiku mmoja. Edmonton iliamua kwa kura na ikakubali matokeo. Toronto imekuwa ikiamua kipande kwa kipande kwa miaka mingi, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya wenye saini tatu anayeweza kuamua peke yake.

Mita 150 za usalama

Februari 2023 John Tory alijiuzulu umeya, na katika uchaguzi mdogo wa tarehe 26 Juni mwaka huohuo Olivia Chow, yuleyule aliyepinga jeti, akashinda. Waliotaka uwanja ufungwe walikuwa na sababu ya kutumaini. Mkataba wa 1983 ulikuwa ukimalizika mwaka 2033, na ilitosha kwa jiji kunyamaza tu mpaka tarehe ifike.

Lakini kanuni mpya za serikali kuu zilidai kwamba viwanja kama hicho viwe, ifikapo Julai 2027, na eneo la usalama la mita 150 katika kila mwisho wa njia ya kurukia, ili ndege itakayopitiliza isitumbukie moja kwa moja majini. Kisiwani hakuna ardhi ya kutosha, hivyo sehemu ya ziwa lazima ijazwe. Mamlaka ya bandari ikasema kwamba haiwezi kukopa fedha za kazi hiyo ikiwa mkataba unakaribia kwisha, kwa kuwa hakuna mkopeshaji atakayekubali.

Swali lililofika mezani mwa madiwani Oktoba 2024 likawa gumu kuliko yote yaliyotangulia. Hakuna anayeweza kusimama na kupinga usalama wa abiria. Lakini kuukubali usalama kulimaanisha kuongeza muda. Baraza, chini ya Meya Chow, likakubali kuurefusha mkataba hadi mwaka 2045.

Wapo waliosema kwamba mwanasiasa amebadilika mara baada ya kukaa kitini. Wapo waliosema kwamba amelinda alichokilinda siku zote, yaani marufuku ya jeti, na kwamba muda ni bei iliyolipwa ili marufuku hiyo isiguswe. Yote mawili yanaweza kusemwa kwa haki. Lisilobishaniwa ni kwamba mtoto aliyezaliwa Bathurst Quay mwaka wa uamuzi huo atakuwa na miaka 21 mkataba utakapokwisha, na atakuwa na haki ya kumpigia kura meya.

Historia ya Toronto inaonyesha kwamba wapiga kura wana uwezo juu ya uwanja huo, lakini ni uwezo wa namna fulani. Mwaka 2003 walizuia daraja, hawakuzuia shirika la ndege. Mwaka 2014 walimchagua meya mwingine, na jeti zikazuiwa na Ottawa. Mwaka 2023 wakamchagua mpinzani wa jeti, na uwanja ukaongezewa miaka 12. Anayeahidi katika kampeni kwamba ataufunga uwanja kesho, au ataujaza jeti kesho, anaahidi kitu ambacho saini yake peke yake haitoshi kukitimiza.

Kivuko kinaendelea kuvuka mlango wa maji, zamu baada ya zamu, huku chini yake watu wakitembea na mizigo yao katika njia iliyofunguliwa mwaka 2015.